Kurudia na kumbukumbu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha baiolojia kwenye tuisheni za jioni hapa Tanga, na maswali ninayoulizwa zaidi si ya baiolojia. Ni ya kichwa chenyewe: mbona hakishiki, mbona jana kilishika na leo kimeachia, mtu arudie mara ngapi ndipo jambo likae. Wanauliza wanafunzi, wanauliza wazazi wanapokuja kulipa ada, na siku hizi wananiandikia hata watu wazima wanaojifunza lugha au kazi mpya. Haya ni yale yanayonirudia, pamoja na majibu ninayoyaamini.

Nimeusoma ukurasa mara tano na nimeuelewa. Kwa nini kesho yake sina kitu?

Kwa sababu ulichokirudia mara tano ni kutazama, na mtihani haukutaki utazame. Unakutaka utoe.

Kila unaposoma tena, maneno yanazidi kuzoeleka machoni. Ukiwa mstari wa tatu tayari unajua wa nne unasemaje, nawe unahisi umeshika. Lakini kulitambua jambo likiwa mbele yako ni kazi moja, na kulitoa kichwani likiwa halipo ni kazi nyingine kabisa. Chukua sarafu ya shilingi 200. Bila kuitoa mfukoni, niambie upande mmoja una sura ya nani, na upande wa pili una wanyama gani, wangapi. Umeishika mara maelfu. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nickerson na Adams, waliwauliza Wamarekani jambo kama hilo kuhusu sarafu yao ya senti moja, na wengi walishindwa kuichora sawasawa. Macho yalikuwa yamerudia vya kutosha, lakini hakuna aliyewahi kuwadai waitoe kichwani.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye daftari lake lilikuwa zuri kuliko yote darasani, limepakwa kalamu za rangi tatu, njano, kijani na waridi. Siku moja nikamwambia alifunge, anieleze damu inavyopita kwenye moyo. Akaweka kidole juu ya jalada lililofungwa na kuanza kukitembeza, kama vile mchoro uko pale. "Inaingia chumba cha juu cha kulia, Mwalimu. Halafu cha chini cha kulia. Halafu..." Kidole kikasimama. Mkono wa pili ukaanza kulifungua daftari, nikaushika. Tukakaa kimya kwa muda uliomtia haya. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kuuliza, "Mapafu?" Wiki mbili baadaye nilimwuliza tena ghafla akiwa anatoka mlangoni, na mapafu yalikuja bila kusita. Nusu dakika ile ya kuhangaika ilimfaa kuliko rangi zote tatu.

Kwa hiyo nirudieje?

Soma, funga, toa. Toa kwa kuandika kwenye karatasi tupu, au kwa kumweleza mtu, au kwa kujisemea ukiwa unatembea. Kisha fungua uangalie ulichoacha na ulichokosea.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2006, wa Roediger na Karpicke kule St. Louis, Marekani. Wanafunzi walipewa kifungu cha habari. Kundi moja walikisoma vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine walikisoma kipindi kimoja tu, halafu vipindi vitatu wakawa wanaandika wanachokumbuka bila kukiona. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikuwa mbele: asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na waliojilazimisha kukumbuka wakabaki na asilimia 61.

Tazama hizo dakika 5. Ndizo zinazotudanganya wote. Ukijipima papo hapo, kusoma tena kunaonekana ndiyo njia bora.

Ndani ya ubongo hasa kunatokea nini ninaporudia?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uzuri wa jambo hili.

Ubongo wa binadamu una seli za neva takriban bilioni 86. Seli hizi hazikugusana kabisa. Kati ya moja na nyingine kuna kijinafasi kiitwacho sinapsi, na ujumbe huvuka hapo kwa kemikali. Kumbukumbu haikai ndani ya seli moja kama punje kwenye kibaba. Hukaa katika jinsi seli zilivyounganishwa, na katika nguvu ya maungio hayo.

Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alipendekeza kwamba seli moja ikishiriki tena na tena kuiamsha nyingine, muungano wao huimarika. Wakati huo yalikuwa mawazo tu. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo, waliofanya kazi Oslo, walichapisha walichokiona kwenye ubongo wa sungura: walipoipiga njia moja ya neva kwa mfululizo wa haraka wa umeme mdogo, seli zilizo upande wa pili zikaanza kuitikia kwa nguvu zaidi, na hali hiyo ikadumu kwa saa nyingi. Njia ilikuwa imepanuka kwa kupitwa.

Aliyeonyesha tofauti kati ya kurudia kidogo na kurudia kwa mpango ni Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Yeye alimtumia konokono mkubwa wa baharini aitwaye Aplysia, ambaye ana seli za neva kama 20,000 tu, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Huyu mnyama akipigwa shoti ndogo mkiani mara moja, hubaki na wasiwasi kwa dakika kadhaa: ukimgusa kidogo tu anayakunja matamvua yake haraka. Akipigwa mara kadhaa kwa kuachiana muda, kumbukumbu hukaa siku nyingi. Na tofauti si ya muda peke yake. Kumbukumbu ya dakika hutumia vitu vilivyopo tayari ndani ya seli; kemikali kidogo zaidi inamwagwa kwenye sinapsi, basi. Kumbukumbu ya siku nyingi inaidai seli iwashe jeni, itengeneze protini mpya na kuotesha maungio mapya ambayo jana hayakuwepo.

Wazee walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kwa ubongo ningeongeza kitu kimoja: jiwe linapungua, ubongo unaota. Na kitu kinachoota huwezi kukiharakisha kwa kukimwagia ndoo kumi za maji asubuhi moja.

Tunasahau kwa kasi gani?

Kwa kasi kubwa mwanzoni, kisha polepole. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa miaka, akikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, na akachapisha matokeo mwaka 1885. Alipima ni kazi kiasi gani imeokolewa anapojifunza orodha ile ile upya. Baada ya dakika 20 alikuwa ameokoa asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, kama 34. Baada ya mwezi mzima, 21. Watafiti wa Amsterdam walilirudia jaribio lake mwaka 2015 na mchoro ukatoka karibu vile vile.

Zile zilikuwa silabi tupu. Jambo lenye maana, hadithi au wimbo hushuka taratibu zaidi. Lakini sura ya mteremko ndiyo hiyo: sehemu kubwa inaondoka siku ile ile uliyojifunza. Anayesubiri mwisho wa muhula ndipo adurusu huwa hadurusu, anaanza upya.

Basi nirudie mara ngapi?

Hakuna namba moja, na anayekuuzia namba moja usimnunulie. Neno jepesi linaweza kushika kwa mara tatu, mzunguko wa Krebs, zile hatua za kemikali ambazo seli hupatia nishati, ukadai mara kumi. Swali lenye faida zaidi ni lini.

Haya, lini? Niachie muda gani kati ya rudio na rudio?

Ebbinghaus yuleyule aliona kwamba orodha ya silabi 12 aliyoirudia mara 68 kwa mkupuo, ili aweze kuijifunza tena kwa wepesi kesho yake, ilimpa matokeo sawa na kuirudia mara 38 tu zilizogawanywa katika siku tatu. Karibu nusu ya jasho, kwa sababu tu ya kuachia siku zipite katikati.

Mwaka 2008 kundi la watafiti, Cepeda na wenzake, waliwajaribu watu zaidi ya 1,000 kwa kuwapangia nafasi mbalimbali kati ya somo na marudio. Waliona kwamba nafasi nzuri inategemea unataka kukumbuka hadi lini. Mtihani ukiwa wiki ijayo, rudia baada ya siku moja au mbili. Unachotaka kiwe nawe mwaka mzima, kiachie wiki tatu au mwezi.

Kuna familia moja ya wanasaikolojia Marekani, Harry Bahrick, mkewe na binti zao wawili, waliojifanyia jaribio la maneno 300 ya lugha za kigeni na kulichapisha mwaka 1993. Marudio 13 yaliyopishana kwa siku 56 yaliwapa kiasi sawa na marudio 26 yaliyopishana kwa siku 14. Ila kila kikao chenye nafasi ndefu kilikuwa kigumu. Walikuwa wamesahau zaidi kila waliporejea. Jambo hili wanafunzi wangu hawalipendi, nami sichoki kulisema: kusahau kidogo ni sehemu ya kazi. Ukirudia wakati jambo bado liko mdomoni, hujainua kitu. Ukirudia wakati linakaribia kuponyoka na ukalivuta kwa shida, hapo ubongo unapata sababu ya kulijengea.

Kwa mwanafunzi wa kawaida mimi napanga hivi: jioni ya siku ile ile, kesho yake, baada ya siku nne, baada ya wiki mbili, kisha baada ya mwezi. Ukikwama mahali, rudi hatua moja nyuma.

Kukesha usiku wa kuamkia mtihani kunasaidia?

Kwa karatasi ya asubuhi hiyo kunaweza kukuokolea alama kadhaa. Kwa jingine lolote ni hasara, kwa sababu umeuza usingizi, na usingizi ni sehemu ya kujifunza.

Kumbukumbu mpya hutegemea sana kiungo kidogo ndani ya ubongo kiitwacho hipokampasi. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walirekodi seli za hipokampasi za panya waliokuwa wakizunguka mahali fulani, kisha wakaendelea kurekodi panya walipolala. Seli zilizowaka pamoja wakati wa kutembea zikawaka pamoja tena usingizini. Ubongo ulikuwa unarudia somo peke yake, bila mwalimu, gizani. Mwanafunzi aliyesoma kwa muda wa saa mbili akalala kwa muda wa saa saba ana mshirika anayemfanyia kazi. Aliyesoma saa tisa mfululizo amemfukuza.

Na kusikiliza masomo kwenye simu nikiwa nimelala?

Hapana. Somo jipya halijifunzwi usingizini, na sauti inakukatizia usingizi wenyewe.

Watoto wa chuo, yaani madrasa, wanawezaje kuhifadhi msahafu mzima, na wengine hata Kiarabu hawakielewi?

Swali hili huulizwa kwa mshangao, na mimi huwa nasema: nenda ukakae kibarazani mwa chuo chochote hapa pwani saa moja tu, utaona kila kanuni niliyoiandika hapo juu ikifanya kazi, na ilikuwa ikifanya kazi karne nyingi kabla ya Ebbinghaus.

Sura ni 114, aya zaidi ya 6,200, juzuu 30. Hakuna mtoto anayepewa kurasa kumi kwa siku. Anapewa aya chache. Anazisoma kwa sauti, mwili ukiyumba mbele na nyuma, na wenzake ishirini kando yake kila mmoja na sehemu yake, hata mgeni anadhani hakuna anayemsikia mwingine. Kisha anakwenda mbele ya mwalimu, msahafu unafungwa, na anasoma kwa moyo. Hapo ndipo penyewe. Mwalimu hasomi naye. Anasikiliza, macho yamemtoka kwenda barabarani, unaweza kudhani hamsikii kabisa. Mtoto akiruka neno moja, kidole cha mwalimu kinagonga mkeka. Hamtajii neno. Anagonga tu, na mtoto anarudi nyuma aya nzima kulitafuta. Akilikosa mara ya pili au ya tatu, ndipo hutajiwa herufi ya kwanza.

Na somo jipya halimwondolei la zamani. Siku hiyo hiyo anasikilizwa la jana, la wiki hii, na sehemu ya juzuu za nyuma kwa zamu. Wao huita muraja. Aliyekwisha kuhifadhi yote haachi. Wengi hupita juzuu moja kwa siku ili kila mwezi wazunguke mara moja, na mwezi wa Ramadhani wanaosalisha tarawehe huisoma mbele ya watu. Ukizungumza na aliyehifadhi atakuambia kwamba kuhifadhi ni miaka michache na kulinda ni maisha.

Kuhusu kutoelewa maana: ni kweli wengi huanza bila kuielewa, na kwa sababu hiyo kazi yao ni nzito zaidi. Mahadhi na mizani ya aya huwabeba. Maana ikija baadaye, inakuta nyumba imeshajengwa.

Lakini kukariri si ndiyo ukasuku tunaokatazwa?

Neno hili tumelichafua. Mwalimu akisema "huyu anakariri tu" anamaanisha mtoto anatoa maneno asiyoyajua. Lawama hiyo ni ya haki. Isipokuwa watu wameirefusha hadi ikawa kila kurudia ni ujinga, na mtoto mwenye akili anatakiwa aelewe mara moja akumbuke milele. Hakuna ubongo wa namna hiyo.

Kichwa kina meza ndogo ya kufanyia kazi. Mambo machache tu hukaa juu yake kwa wakati mmoja. Mtoto anayetafuta eneo la shamba la mita 7 kwa 8, na bado anahesabu saba mara nane kwa vidole, ameijaza meza yote kwa kuzidisha. Swali la shamba limeanguka chini. Mwenzake ambaye 56 inamjia yenyewe ana meza tupu ya kufikiria. Jedwali alilolikariri darasa la tatu ndilo linalompa nafasi ya kuelewa darasa la saba. Kwa hiyo eleza kwanza, aelewe, halafu arudie hadi iwe nyepesi.

Nawezaje kupanga marudio bila kuchanganyikiwa?

Boksi la viatu linatosha. Njia hii ilienezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972, na kwa wanafunzi wangu haijanishinda hata mara moja.

Kata karatasi za manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja andika swali, upande wa pili jibu, jambo moja kwa kadi moja. Gawa boksi vyumba vitano kwa vipande vya kadibodi. Kadi zote huanzia chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Ukijibu sawa, kadi inasogea chumba cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku mbili. Ukijibu sawa tena, cha tatu, mara moja kwa wiki. Cha nne ni wiki mbili, cha tano ni mwezi. Ukikosea, kadi inarudi chumba cha kwanza hata kama ilikuwa imefika cha tano. Bila hesabu yoyote, mambo yanayokusumbua yanarudi kila siku na unayoyajua yanakuacha upumzike. Zipo programu za simu zinazofanya hivi, nazo ni nzuri. Kwa watoto nachagua boksi, maana mkono unaoandika kadi umeshalirudia somo mara moja.

Onyo: sema jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi. Ukigeuza haraka ukasema "aa, nilijua", umerudi kwenye kutazama.

Nimalize mada moja kabisa ndipo niende nyingine?

Ukishaielewa, changanya. Maswali ishirini ya aina moja yanakufundisha kufuata njia. Yakichanganywa yanakufundisha kuchagua njia. Mtihani huwa umechanganya.

Nikirudia kosa, je, nalo linakaa?

Linakaa, tena vizuri. Ubongo haujui lipi sahihi, unaimarisha kinachopita. Kwa hiyo jaribu kwanza, kisha sahihisha papo hapo, usingoje kesho. Habari njema ni kwamba kosa ulilolitoa ukiwa na uhakika, halafu ukasahihishwa, mara nyingi ndilo unalolikumbuka zaidi, mshtuko unasaidia. Usiwaonee huruma watoto kwa kuwatajia majibu mapema. Gonga mkeka.

Bibi yangu husahau jina langu, lakini ukimpa miyaa anasuka ukili bila kutazama. Inakuwaje?

Kwa sababu kumbukumbu si moja. Jambo hili lilifahamika kwa msaada wa Mmarekani aitwaye Henry Molaison, ambaye mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji kumtibu kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi ikaondolewa pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza kushika tukio jipya. Aliyemwamkia asubuhi alikuwa mgeni mchana. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi ngumu, kila upande umegeuka. Alifanya siku tatu, na kila siku akawa bora kuliko jana, ingawa kila siku alikuwa na hakika kwamba hajawahi kuiona kazi ile. Alifariki mwaka 2008.

Mikono, basi, ina njia yake ya kuhifadhi, kupitia sehemu nyingine za ubongo zilizo ndani zaidi. Njia hiyo haifunguki kwa maelezo. Bibi yako hakuwahi kuelezwa kusuka. Alipewa miyaa minne, akaharibu, ikafumuliwa, akaanza tena, miaka na miaka, mpaka vidole vikajua vyenyewe upi uende juu na upi upite chini. Mpe miyaa yake. Kaa karibu naye anapoisuka.

Nina miaka zaidi ya 50. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila utahitaji marudio zaidi na usingizi mzuri, na uyaanze kwa saa ambazo kichwa chako kiko chepesi. Ubongo wa mtu mzima hubadilika kwa kutumika. Madereva wa teksi wa London, ambao huingia kazini baada ya kujifunza barabara kama 25,000 kwa miaka mitatu au minne, walipimwa na Eleanor Maguire na wenzake; utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na mwaka 2011 ikaonekana kwamba ukuaji huo ulitokea kwa waliosoma na kufaulu. Walikuwa watu wazima.

Tena una kitu ambacho kijana hana: mengi ya kuliegemeza jambo jipya. Mshonaji wa miaka 55 anayejifunza jometri anaelewa pembe kabla ya mwalimu kumaliza.

Ni kweli tabia mpya hujengeka kwa siku 21?

Si kweli. Watafiti wa London waliofuatilia watu waliokuwa wakijenga tabia moja ya kila siku, mwaka 2010, walipata wastani wa siku 66, na tofauti kubwa kati ya mtu na mtu: kuanzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Mtoto wangu wa miaka mitatu anataka hadithi ile ile kila usiku. Nimbadilishie?

Usimbadilishie. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zenye maneno mapya. Wengine walisikia hadithi ile ile mara kadhaa, wengine wakasikia hadithi tofauti, lakini maneno mapya yalijitokeza mara sawa kwa wote. Waliorudiwa hadithi moja ndio waliojifunza maneno. Hadithi ikishajulikana, akili haina kazi ya kufuatilia nini kitatokea. Inapata nafasi ya kusikia neno. Ukifika mahali pa sungura kumhadaa fisi, nyamaza. Mwache yeye amalizie.

Niliacha masomo miaka mingi. Vyote vimepotea?

Havijapotea kama unavyodhani. Bahrick, niliyemtaja, mwaka 1984 alichapisha vipimo vya watu zaidi ya 700 waliosoma Kihispania shuleni, wengine miaka 50 nyuma. Walisahau kwa kasi miaka mitatu hadi sita ya mwanzo, halafu kilichobaki kikakaa palepale kwa miongo. Waliobaki na vingi ni wale waliosoma kwa muda mrefu na kwa kina walipokuwa shuleni. Na hata usichoweza kukitaja leo kinapunguza kazi unapokianza upya.

Jirani yangu aliacha chuo alipoolewa. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mjukuu wake alipoanza juzuu amma, naye akaamua kuanza pamoja naye, kimyakimya. Jioni ya kwanza alikwama katika sura ambayo alikuwa akiisoma utotoni bila kupumua, akalia. Nilimwambia alale, kesho ajaribu tena bila kufungua msahafu kwanza. Jioni ya nne mtoto alikuwa kibarazani anasoma kwa sauti, akaruka aya. Sauti ya bibi ikatoka jikoni ikiileta ile aya nzima, na mbuzi ya nazi haikusimama.